Msimu wa Nyembe Saba

Jumamosi, 4 Juni

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya makochi ya wateja. Lakini leo nina hasira, na hasira zangu zikikaa kifuani hazinipi usingizi, kwa hiyo makochi yatasubiri.

Katibu wa klabu amebandika tangazo mlangoni mwa banda letu. Amelibandika kwa pini nne, moja kila kona, maana yule ni mtu wa kona. Linasema kundi lolote ambalo halitafikisha mashua saba katika mbio za kufunga msimu, tarehe 3 Septemba, saba zilizoanza na saba zilizomaliza, litafutwa kwenye orodha, na banda lake watapewa wengine. Wengine hao ni wale wa mashua za plastiki, za watu wawili wawili, pana kama sinia, ambazo hata ukisinzia zinakufikisha.

Kundi lolote, anasema. Loo! Kana kwamba kuna jingine. Ni sisi anaotusema. Ni Wembe.

Wembe ni mashua ya mbao ya mtu mmoja. Mita nne na kitu, nyembamba, na tanga kubwa kupita akili. Peke yako unashika usukani, peke yako unavuta kamba ya tanga, peke yako unaning'iniza mwili nje mpaka kisogo kinalowa. Ukipiga chafya upande usiofaa, umo majini. Zamani tulikuwa ishirini na sita kwenye bwawa hili, na watu walikuja kusimama ukutani mwa bwawa kututazama. Leo bandani zimebaki saba, na sita kati ya hizo zimelala na vumbi. Inayoelea ni moja tu. Yangu.

Nimemwambia mume wangu nitafikisha saba. Akauliza, "Kwa watu gani?" Nikamwambia asinivunje moyo. Akasema hanivunji moyo, anauliza hesabu.

Jumapili, 5 Juni

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kula mchana, kama kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ni mkunga. Nusu ya mtaa huu imepokewa na mikono yake, na wote anawasalimu kwa jina. Mimi hajasema nami neno kwa miaka kumi na tisa. Anakaa mkabala nami, ananitazama shingoni, kisha anasema, "Kaka, mwambie mkeo anipitishie chumvi."

Mume wangu ananigeukia. "Mke wangu, chumvi."

Mimi nampa mume wangu, mume wangu anampa yeye. Na kidau chenyewe cha chumvi angekifikia kwa kunyoosha mkono tu.

Sababu ni mbio za mwisho za mwaka ule. Alikuwa mbele yangu, akaligusa boya la mwisho, akaendelea. Sheria inajulikana: ukigusa boya, unazunguka duara zima papo hapo, ndiyo adhabu yako, kisha unaendelea na safari. Hakuzunguka. Nikapandisha kitambaa chekundu cha malalamiko, kamati ikanisikiliza, yeye akafutwa, kombe likaja kwangu. Alisema hakugusa. Aligusa. Niliona. Akauchukua Wembe wake, akaupandisha darini kwenye gereji yake, na umo humo mpaka leo.

Jumamosi, 11 Juni

Wamekuja kumi na mmoja! Nilikuwa nimeandika kibao nikakiweka barabarani: JIFUNZE MASHUA NGUMU KULIKO ZOTE. Nikawapa somo la saa mbili nzima wakiwa wamesimama. Jina la kila kamba. Nani ana haki ya njia. Halafu kizibo. Kila Wembe una tundu dogo nyuma, karibu na chini, la kumwaga maji mkiwa nchi kavu. Usipoliziba kabla ya kushuka, bwawa linahamia tumboni mwa mashua, kimyakimya, na huwezi kulichota. Niliwaambia, "Mtu anayesahau kizibo hana akili, na mimi sifundishi wasio na akili." Nikawapeleka majini mmoja mmoja. Kila aliyepinduka nilimwambia kosa lake, kwa sauti, ili na wenzake wajifunze.

Jumapili, 12 Juni

Wamekuja watatu.

Jumatatu, 13 Juni

Mume wangu ametoka kiwandani kwake saa nne asubuhi, nywele nyeupe kwa unga, akanikuta napigilia misumari kwenye kochi kama nampigilia mtu.

"Wale wanane," nikamwambia, "ni watu laini. Kizazi cha mito."

Akakaa juu ya kochi hilohilo la mteja, na unga wake wote. "Mke wangu, mimi nikimfundisha mtu kuoka, siku ya kwanza namwachia aunguze. Akishaunguza mkate mmoja na dunia haijaisha, ndipo mikono yake inalegea. Wewe umewatukana kabla hawajaunguza."

Nikamwambia ainuke, anachafua kitambaa. Lakini neno limenikaa.

Jumamosi, 18 Juni

Leo fundi bomba kapinduka mara saba. Huyu ni mmoja wa wale watatu. Mfupi, mnene, na ana kicheko kinachoanzia magotini. Kila akiibuka kutoka majini anacheka. Mara ya nne nikafungua mdomo nimpe kosa lake, nikamkumbuka mwokaji wangu, nikaufunga. Mara ya saba nikacheka na mimi. Nilishika tumbo! Daktari wa mifugo, naye ni wa wale watatu, mwanamama mrefu mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe, akasema, "Kumbe bibi ana meno."

Bandani kuna ubao wa zamani, tuliuita ubao wa aibu. Kila aliyepinduka aliandikwa, na mwisho wa mwezi mwenye alama nyingi aliosha mashua za wenzake wote. Mimi ndiye niliyeubuni. Nilikuwa najivunia kwamba sikuwahi kuosha hata moja. Leo nimeufuta. Nimeandika juu yake WALIOLOWA, na sheria imegeuka: mwenye alama nyingi anakata kipande cha kwanza cha mkate wa mume wangu, ule wa moto, upande wenye ganda. Fundi bomba amekula akiwa bado anachuruzika.

Zinaelea: nne. Mimi, fundi bomba, daktari wa mifugo, na mwalimu wa kwaya, ambaye akiogopa anaimba.

Jumamosi, 25 Juni

Hakuna upepo hata wa kuzima mshumaa. Nimeshona matanga mawili.

Jumapili, 3 Julai

Wifi amekula, amepitishiwa chumvi, ameondoka. Mlangoni akamuuliza kaka yake, kwa sauti ya kunifikia jikoni, "Ni kweli mkeo anawachekea watu siku hizi?"

Mume wangu akasema ni kweli.

"Makubwa," akasema.

Jumamosi, 9 Julai

Mume na mke wamekuja. Mume ni mpima ardhi. Mke ana duka la miwani. Walikuwa kwenye mashua ya plastiki ya watu wawili miaka sita. Nikawauliza kwa nini wanataka Wembe. Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea kidole mwenzake: "Hashikiki huyu!"

Nikawapa Wembe mmoja mmoja. Jioni nilimsikia yule mke akipiga kelele katikati ya bwawa, peke yake: "Hakuna wa kuniambia vuta! Hakuna wa kuniambia legeza!" Akapinduka. Akaibuka na furaha ileile. Mume wake alikuwa akimpita wakati huo, naye akamsalimu kwa adabu zote, kama jirani.

Zinaelea: sita. Nimeandika kwa herufi kubwa ukutani mwa karakana yangu: MMOJA TU.

Jumamosi, 16 Julai

Upepo mkali. Alama ishirini na tatu ubaoni. Mwalimu wa kwaya ana kumi na moja, na kipande cha kwanza, na sauti imemkauka.

Jumanne, 19 Julai

Nimewashonea wote glavu, kwa mabaki ya ngozi ya makochi. Kamba ya tanga inachuna viganja kama haina undugu. Za mpima ardhi ni za rangi ya maziwa, zimetoka kwenye kochi la wakili. Zangu ni nyekundu.

Jumamosi, 23 Julai

Leo nimemvamia katibu ofisini kwake. Nilimkuta anapanga vibendera kwa urefu. Nikamwambia yote: kwamba ametutafutia sababu, kwamba ameichagua saba akijua hatuifikii, kwamba kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye kalamu tatu mfukoni hawezi kujua hili banda ni nini.

Alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi. Kisha akavuta droo akanipa karatasi. Ni kumbukumbu za kikao cha Mei. Kamati ilitaka kutufuta siku ileile, kura nane kwa moja. Ile moja ni ya kwake. Ameomba msimu mmoja. Wakamwambia, basi, wakileta kumi. Akabishana nao mpaka saa mbili usiku, wakashuka hadi saba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, uliwahi kuniacha nimalize sentensi?"

Nimeona haya. Nimemwomba radhi, na nimeondoka na keki ya kwake mkononi, mimi mke wa mwokaji. Huyu kijana amenisitiri tangu Mei na mimi nikimsema kila kochi ninaloshona.

Jumapili, 31 Julai

Wa saba bado. Jirani muuza magodoro alikuja, akapinduka mara moja, akaondoka bila kiatu kimoja na hajakifuata. Dada wa maktaba alisema atafikiria, na watu wa maktaba wanafikiri polepole.

Jumapili, 7 Agosti

Chumvi.

Baada ya kula, fundi bomba alipita kuniletea koki, akamkuta wifi sebuleni. Akamwambia kwa furaha yake yote, "Mama mkunga, njoo ulowe na sisi! Tumepungukiwa mmoja!" Hakujua. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani mikononi. Wifi akamjibu taratibu, "Mwanangu, mimi nilishalowa pale. Waulize waliokuwepo." Akachukua mkoba wake.

Usiku mume wangu akaniuliza, bila kunitazama, "Lakini uliona kweli?"

Nikamwambia niliona boya likitikisika.

"Sikuuliza boya," akasema.

Jumamosi, 13 Agosti

Dhoruba ya ghafla saa nane. Mlingoti wa daktari wa mifugo umekatika kama kijiti cha kuchokolea meno. Tumeushusha ule wa mashua ya saba, tukaupunguza kwa msumeno, ukaingia. Zinaelea: bado sita, na bandani sasa hakuna akiba ya kusimama. Kwa hiyo hata dada wa maktaba akimaliza kufikiri, atapanda nini? Mashua nyingine nzima iliyobaki duniani iko kwenye dari ya gereji, na najua ni gereji ya nani.

Jumatano, 24 Agosti

Siku kumi. Leo nimeharibu kochi la mteja, nimekata kitambaa kinyume. Sijafanya hivyo tangu nilipokuwa mwanagenzi.

Nitaandika hapa kwanza, nione kama mkono utakubali.

Tulikuwa tunalizunguka boya la mwisho. Yeye mbele, mimi nyuma yake urefu wa mashua mbili. Tanga langu lilikuwa usoni mwangu. Lilipopita, boya lilikuwa linatikisika. Basi. Hicho ndicho nilichokiona. Linaweza kutikiswa na mawimbi ya mashua yake. Linaweza kutikiswa na yangu. Nilitaka kombe. Nilikuwa nahodha wa kundi, neno langu lilikuwa zito, na nililitumia. Kamati iliniuliza, "Umemwona akigusa?" Nikasema ndiyo.

Sikuona.

Wifi aliondoka na rafiki zake wanne. Wale wanne wakaondoka na waume na wadogo zao. Nani atake kushindana mahali ambapo anayeshindwa anaweza kushtaki akashinda? Miaka yote nimesema plastiki ndiyo iliyotuua. Wapi! Ni mimi. Nililiua kundi langu kwa mkono wangu, kisha nikalifanyia matanga miaka kumi na tisa.

Ijumaa, 26 Agosti

Nimelia. Nimelala mchana. Mume wangu ameniletea mkate.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimepiga moyo konde. Nikalitoa kombe kabatini, nikalifunga kwenye taulo, tukaenda na mume wangu kwa wifi. Alikuwa uani anaanika nguo zake nyeupe za kazi. Nikasimama mbele yake nikamwambia yote, kama nilivyoandika hapo juu, bila kupunguza. Nikamalizia, "Wifi, nilikusingizia. Nisamehe."

Aliendelea kubana vibanio. Kimoja, kingine, kingine. Kisha akasema, "Kaka, mwambie mkeo kombe silitaki, nina vyombo vya kutosha."

Mume wangu akanigeukia. "Mke wangu..."

"Nimesikia," nikasema.

"Kaka, mwambie mkeo kuwa alinivua nguo mbele ya watu. Hawezi kuja kunivika uani kwangu, nyuma ya shuka."

Nikamwambia mume wangu amwambie dada yake kuwa ana haki. Tukarudi na taulo letu.

Ijumaa, 2 Septemba

Hakuna habari kutoka kwake. Zinaelea: sita. Wote wamekuja karakana kuchukua matanga yao, nimeyapiga pasi. Hakuna aliyetaja namba. Mwalimu wa kwaya alikuwa akiimba taratibu tangu anaingia mpaka anatoka.

Jumapili, 4 Septemba, alfajiri

Jana sikuweza kuandika. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji, na mwandiko ni wa kuku. Lakini lazima niandike yote.

Saa sita mchana ulikuwa mkutano wa manahodha, ukumbi umejaa, maana ni mbio za kufunga na watu wa plastiki wote wapo. Katibu akasoma kanuni. Raundi mbili za bwawa, maboya matatu. Anayepokea msaada wa chombo chochote hahesabiwi. Wa kwanza asipomaliza kabla ya saa tisa, mbio zinafutwa. Wa kwanza akishamaliza, wengine wana dakika ishirini tu, atakayechelewa hakumaliza. Akauliza kama kuna neno.

Nikasimama. Nikasema, "Miaka kumi na tisa iliyopita, katika ukumbi huu, niliiambia kamati kuwa nimemwona wifi yangu akigusa boya. Sikumwona. Nilidanganya ili nishinde. Hakunikosea, alinishinda. Mliokuwepo mlimtazama vibaya kwa ajili yangu. Nawaomba mnitazame mimi."

Hata fundi bomba hakuwa na kicheko. Kisha kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, nikasikia sauti ninayoijua.

"Kaka. Twende tukaushushe."

Alikuwepo! Tangu mwanzo, mikono kifuani, na mume wangu kando yake. Na nje, juu ya mkokoteni wa mikate, Wembe namba kumi na nne, umepigwa rangi mpya mpaka unang'aa. Rangi ile haikupakwa jana. Mume wangu alikwepa macho yangu, na nikaona madoa ya rangi kwenye kucha zake. Msaliti mkubwa! Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja.

Saba. Jamani, saba!

Kukawa na purukushani. Zilibaki dakika kumi na tano. Naingiza mlingoti, nafunga kamba, na huku nawapigia wote kelele zangu za kila siku: "Kizibo! Daktari, kizibo! Mwalimu, umeziba?" Honi ikalia. Tukavuka mstari wote saba, na ukutani watu wakapiga makofi.

Wifi alikuwa mbele kabla ya boya la kwanza. Miaka kumi na tisa, na bado anakaa kwenye Wembe kama kwenye kiti cha nyumbani kwake. Mimi nilianza wa tatu. Raundi ya kwanza haijaisha nikawa wa tano, kisha wa sita, na sielewi. Ninaning'inia nje vizuri, tanga limekaa, lakini mashua haiitiki. Nzito. Ikigeuka inapepesuka upande kama mlevi. Mpima ardhi akanipita, akanisalimu kwa adabu.

Raundi ya pili nilikuwa bado napandisha kuelekea boya la kwanza, wifi akiwa tayari anateremka na upepo. Tukakaribiana uso kwa uso. Nikaona macho yake yakiniacha shingoni, yakaenda nyuma ya mashua yangu, yakatoka.

"Wifi!" akapaza sauti. "Kizibo!"

Neno la kwanza kwa miaka kumi na tisa.

Nikageuka. Nyuma yangu mashua ilikuwa imezama mpaka karibu na ukingo. Nikapapasa mfukoni. Kizibo kilikuwa mfukoni, kikavu, kimetulia. Mimi, wa kuwaambia watu hawana akili! Nikakishika, vidole vimelowa, kikaniponyoka, kikazama mbele ya macho yangu.

Boti ya uokoaji ikaja mbio, katibu mwenyewe mbele, ameshika kamba. "Mama, unazama! Nikurushie?"

Nikishika kamba, sihesabiwi. Tukawa sita. Nikamwambia, "Ondoa kamba yako hapa kabla sijaing'ata!" Akaiondoa, na nadhani alikuwa anatabasamu.

Nikaachia kila kitu, tanga likapiga kelele juu ya kichwa, nikalala kifudifudi nikapeleka mkono nyuma mpaka nikalipata tundu. Nikavua glavu ya kulia kwa meno, nikaisokomeza humo, kidole baada ya kidole, ngozi ya kochi ikavimba ikashika. Maji yaliyomo yalibaki humo, lakini mengine hayakuingia. Nikavuta kamba kwa mkono mtupu, na kamba ikafanya kazi yake.

Sasa hili la pili nimesimuliwa na mume wangu. Wifi alifika kwenye mstari saa nane na nusu, mbele ya wote. Akasimama. Mita tano kabla ya kumaliza, akaliachia tanga lipeperuke, akakaa. Katibu, aliyekuwa amerudi, akamwambia kwa kipaza sauti, "Namba kumi na nne, maliza!"

"Namsubiri wifi yangu," akasema.

Akija mwingine anaambiwa, "Simama hapo." Mwalimu wa kwaya akajaribu kupenya kwa pembeni, akamwambia, "Wewe nilikupokea mimi mwenyewe, ukaja kwa matako! Simama!" Akasimama. Mimi huko mbali niliona matanga sita yanapepea mahali pamoja kama nguo kambani, nikajua wananinunulia muda. Nililia huku navuta.

Dakika mbili kabla ya saa tisa akavuka, ili mbio zisifutwe. Wa kwanza. Ushindi wake, mbele ya watu walewale. Wengine wakamfuata. Saa ikaanza kunihesabia mimi peke yangu.

Nikateremka mpaka boya la mwisho, lilelile. Dakika kumi zimebaki, na mstari nauona. Nikageuza, mashua nzito ikachelewa kuitika, na ubavu wake ukaligusa boya. Kidogo tu. Kama mtu anavyomgusa mwenzake kanisani apishwe. Hakukuwa na mtu karibu. Ukutani wote walikuwa wanapiga kelele nije, nije.

Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nimegusa."

Nikaanza kuzunguka duara.

Kelele ukutani zikakatika ghafla. Wembe uliojaa maji hauzunguki, unabembelezwa. Nusu ya kwanza ilikwenda. Nusu ya pili upepo ulikuwa usoni, mashua ikagoma, nikaisukuma kwa usukani, kwa kiuno, kwa matusi. Dakika nne zilipotea. Duara likafunga. Nikavuta tanga kwa mkono usio na ngozi, nikaning'inia nje miaka yangu yote hamsini na minane, na nikaja. Polepole kuliko bata. Fundi bomba akaanza kuhesabu sekunde, kisha ukuta mzima ukahesabu naye, watu wa plastiki nao, na mume wangu akirusha kofia yake ya unga.

Honi ikalia. Nilikuwa nimevuka mstari, zimebaki sekunde thelathini na mbili.

Sijawahi kuwa wa mwisho maishani mwangu. Loo, utamu wake!

Nikaanguka majini, kwa makusudi kidogo. Wifi alikuwa kwenye maji ya kiuno anashika mashua yangu. Akaichomoa ile glavu, akaikamua, akaitazama.

"Uligusa," akasema.

"Niligusa."

"Sisi huku hatukuona kitu."

"Najua."

Akaniangalia, si shingoni. Kisha akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kama anavyogeuza mtoto mchanga kumkagua, akasema, "Hii inataka kufungwa. Mjinga wewe." Akaufunga mwenyewe.

Katibu akaing'oa ile karatasi ya mlangoni, pini moja moja, nne. Akaandika ubaoni, chini ya WALIOLOWA, jina langu, na mbele yake alama moja. Nikamwambia kosa la kizibo halihesabiwi moja. Kwa sheria ya zamani niliyoitunga mwenyewe, nimeosha nyembe zote saba, kwa mkono mmoja, wenzangu wakiwa wamekaa wanakula mkate. Watu wawili wa plastiki wakaja kuniuliza Jumamosi tunaanza saa ngapi.

Jumapili, 4 Septemba, mchana

Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wifi amekuja kula. Amekaa mkabala nami, ameonja, amekunja uso. Mume wangu, kwa mazoea, akaweka kijiko chini akanyoosha mkono tayari kupokea.

"Wifi," akasema, "nipitishie chumvi."

Nikampitishia. Mume wangu akabaki na mkono wake hewani.